SURA NA JINA: TAFAKARI JUU YA PICHA MOJA YA MWAKA 1864

Hotuba iliyotolewa katika juma la maadhimisho ya Jubilei ya Miaka Mia Moja ya Usharika

Maandiko ya kutafakari: Isaya 43:1, 1 Samweli 16:7, Mathayo 25:35



Utangulizi

Jubilei ni wakati wa kufungua masanduku. Usharika unapotimiza miaka mia moja, vitu vya kale hutolewa kabatini: kitabu cha ubatizo, daftari la sadaka, kikombe cha ushirika kilichochakaa, na zaidi ya vyote, picha. Watu huzizunguka picha hizo. Kidole hupita taratibu juu ya nyuso za watu waliopanga mstari mbele ya jengo la udongo, na swali huwa ni lile lile: Huyu ni nani? Mara nyingine yuko mzee ajibuye. Mara nyingine wote hunyamaza, na picha hurudishwa sandukuni.

Swali hilo ni dogo kwa kulisikia, lakini ni zito mbele za Mungu. Ili kulitafakari ipasavyo, yafaa kwenda mbali kidogo, hadi kwenye picha moja iliyopigwa katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, mwezi wa Januari mwaka 1864. Imechaguliwa picha hiyo kwa sababu mpigaji wake aliacha maandishi kuhusu jinsi alivyoitengeneza, hata inawezekana kuitazama kazi ya mikono yake pamoja na nia ya moyo wake. Jina lake ni Julia Margaret Cameron. Alikuwa Mkristo, mke, mama na mwenyeji wa wageni wengi. Tena alikuwa mwanadamu mwenye upungufu, kama walivyo watumishi wote ambao Bwana huwatumia.

1. Zawadi ya kisanduku

Julia Margaret alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Baba yake alikuwa ofisa wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Katikati ya miaka ya 1830, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini akijiuguza, alikutana na mtaalamu wa nyota Sir John Herschel, aliyekuwa huko akichunguza anga la kusini. Urafiki huo ulidumu maisha yao yote. Herschel ndiye aliyegundua kwamba chumvi iitwayo haipo huweza kuyeyusha chumvi za fedha, jambo ambalo baadaye liliwezesha picha isifutwe na mwanga. Na kwa njia ya rafiki huyo Julia Margaret alipata habari za ufundi wa picha ulipokuwa bado mchanga.

Hata hivyo yeye mwenyewe hakupiga picha kwa miaka mingi. Aliolewa mwaka 1838 na Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka 20. Akazaa watoto sita, akalea na wengine wasio wake. Mwaka 1860 familia ilinunua nyumba katika kijiji cha Freshwater kisiwani Wight. Mwezi wa Desemba 1863 mumewe alikuwa safarini Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, akiangalia mashamba yao ya kahawa. Binti yake na mkwewe walimwona mama yao yu mpweke, wakampa zawadi ya kamera ili imchangamshe. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Hapa pana funzo la kwanza. Wako watu wengi makanisani wasemao kwamba wakati wao umepita. Mama huyu alianza kazi iliyompa jina duniani katika umri ambao wengi wa kizazi chake waliuhesabu kuwa wa kupumzika. Naye aliianza kwa kisanduku cha mbao alichopewa na watoto wake kama kitu cha kujifurahisha. Roho wa Mungu hapimi vipawa kwa kalenda.

2. Banda la kuku na chumba cha makaa

Cameron hakuwa na studio. Stoo ya makaa ya mawe akaigeuza kuwa chumba cha giza. Banda la kuku lililokuwa na vioo akaligeuza kuwa chumba cha kupigia picha, kwa maana lilipokea mwanga. Kuku wenyewe waliachiwa huru, na katika kumbukumbu fupi alizoziandika mwaka 1874 asizimalize, alisema kwa utani kwamba anaamini hawakuliwa. Faida ambayo wanawe walizoea kuipata kwa kuuza mayai ikakoma.

Ufundi wa siku zile haukuwa wa kubonyeza kitufe. Ulikuwa ule uliobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer na kutangazwa mwaka 1851. Kwanza kioo kilisafishwa hata kisibaki na vumbi. Kisha kikamiminiwa kimiminika kizito kiitwacho kolodioni, nacho ni pamba iliyotiwa asidi na kuyeyushwa kwa etha na spiriti. Kioo kilipoanza kushika utando kilitumbukizwa gizani katika maji ya nitrati ya fedha, ambayo huiacha mikono ikiwa na madoa meusi. Kikiwa bado kimelowa kiliingizwa ndani ya kamera, kikapigwa na mwanga, kikarudishwa gizani na kusafishwa kwa dawa. Yote yalipaswa kumalizika katika dakika chache kabla utando haujakauka. Ukikauka, kazi imepotea. Vioo vya kamera ile ya kwanza vilikuwa na ukubwa wa inchi 11 kwa 9, navyo vilikuwa vizito mkononi.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya kuchapa. Karatasi ilipakwa ute wa yai na chumvi, ikatiwa nitrati ya fedha, ikalazwa chini ya kioo na kuanikwa juani hata sura ijitokeze. Kisha ikaoshwa katika maji ya dhahabu ili ipate rangi ya kudumu, ikatiwa dawa ya kuizuia isifutike, ikasuuzwa kwa maji mengi. Kuku walihamishwa bandani, lakini mayai yao hayakuweza kuepukwa.

Mwanzo wake ulikuwa wa makosa matupu. Mwenyewe alikiri kwamba hakujua aweke wapi kisanduku chake, wala jinsi ya kuilenga sura. Picha ya kwanza ilikuwa ya mkulima mmoja wa Freshwater, ambaye alimlipa kwa muda wake wa kukaa mbele ya kamera. Akaifuta kwa bahati mbaya kwa kupitisha mkono juu ya upande wa kioo wenye utando. Kisha akajaribu kuwapiga watoto wawili pamoja. Kazi ilikuwa imefika nusu, mtoto mmoja akaangua kicheko, na picha ikaharibika.

3. Mtoto aliyeombwa

Baada ya kushindwa huko alichukua mtoto mmoja peke yake. Ni msichana aitwaye Annie Philpot. Kwa kuwa waliokaa mbele ya kamera ya Cameron walihitajika kutulia kwa dakika kadhaa bila kutikisika, mtu angetazamia mtoto huyo aamriwe au atishwe. Cameron hakufanya hivyo. Alimsihi. Alimweleza jinsi dawa zake na nguvu zake zitakavyopotea bure akijitikisa. Mtoto akaelewa, akatulia.

Picha iliyopatikana ipo hata leo. Inaonyesha kichwa na mabega tu. Annie amevaa koti lenye vifungo. Nywele zake zimeachwa zianguke bila kupambwa. Uso umegeuka kidogo pembeni, na macho hayaitazami kamera. Mwanga umemwangukia kwa upole upande mmoja. Hakuna pazia la fahari nyuma yake, wala nguzo ya bandia, wala meza yenye maua, vitu ambavyo studio za wakati ule zilipenda kuvitumia. Yupo mtoto tu, naye anafikiri jambo lake mwenyewe.

Cameron aliandika saa na tarehe: picha ilipigwa siku ya Ijumaa, tarehe 29 Januari 1864, saa saba mchana, na kufikia saa mbili usiku wa siku ile ile ilikuwa imechapwa, imetiwa rangi, imewekwa katika fremu na kukabidhiwa kwa baba wa mtoto. Kazi yote aliifanya kwa mikono yake mwenyewe. Akaiita mafanikio yake ya kwanza.

Lakini jambo lenye uzito kuliko yote ni lile alilolisema kuhusu furaha yake. Alieleza kwamba alikimbia huku na huku nyumbani akitafuta zawadi za kumpa mtoto, kwa maana alijisikia kana kwamba ni mtoto huyo aliyeifanya picha yote.

Wapendwa, hilo ni ungamo la ajabu kutoka kwa fundi. Aliyechafua mikono ni yeye. Aliyevuta harufu ya etha ni yeye. Aliyepoteza kioo kimoja baada ya kingine ni yeye. Hata hivyo, siku ya kufanikiwa hakusema kwamba ameichukua sura ya mtoto, alisema amepewa. Naye aliyepewa hukimbilia kushukuru. Huu ndio mwendo wa neema kama Kanisa la Kilutheri linavyoufundisha: kazi hufanywa kwa bidii yote, na mwisho wake mfanyakazi hugundua kwamba lililo bora zaidi alipokea bure.

4. Kusimama mahali pazuri

Wataalamu wa wakati wake hawakumsifu sana. Katika mikutano na majarida ya wapiga picha wa London walilalamika kwamba picha zake hazina ukali, kwamba zina madoa, mikwaruzo na alama za vidole. Sehemu ya lawama hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana alikuwa na haraka na hakuwa nadhifu katika kazi ya dawa. Ila kuhusu ukungu wa picha alikuwa na jibu. Mwanzoni, alisema, ulitokea kwa bahati. Baadaye, alipokuwa akiizungusha lenzi na kufika mahali ambapo sura ilimwonekea kuwa nzuri, alisimama hapo, hakuendelea kuikaza hadi kila unywele uhesabike.

Wengine waliitambua thamani ya kazi hiyo. Jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo huitwa Victoria and Albert, lilinunua picha zake mwaka 1865. Kule Berlin alitunukiwa nishani ya shaba mwaka 1865 na ya dhahabu mwaka 1866. Mwaka 1867 alimpiga picha rafiki yake wa zamani, Sir John Herschel, akiwa mzee. Nywele nyeupe zimesimama kama miali ya mwanga kuzunguka kichwa, na macho yaliyochosha usiku mwingi kwa kutazama nyota yanang'aa kutoka gizani. Akiwakumbuka watu wakuu wa namna hiyo, Cameron aliandika kwamba roho yake yote ilijitahidi kuuonyesha ukuu wa mtu wa ndani pamoja na umbo la mtu wa nje, hata picha ikawa karibu sawa na sala iliyovikwa mwili.

Wala hakuwatafuta wakubwa peke yao. Mary Hillier, mfanyakazi wa nyumbani kwake, alimpiga mara nyingi kama Bikira Maria. Mtumishi aliyefagia sakafu asubuhi, mchana alisimama katika mwanga kama mama wa Bwana. Nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese alijifunza kwamba Bwana haangalii kimo cha mtu wala sura yake ya nje, bali moyo. Yaonekana mama huyu naye alitaka kioo chake kijifunze hivyo.

5. Mtoto ambaye hakuombwa

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari njema tupu. Lakini ukweli una upande wa pili, na Kanisa halina ruhusa ya kuuficha.

Miaka minne baada ya Annie, mwezi wa Julai 1868, mtoto mwingine aliketi mbele ya kamera ya Cameron huko Freshwater. Alikuwa na umri wa miaka saba. Ni Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia. Baba yake alikuwa amemwandikia Malkia Victoria barua mwaka 1862 na hakupata jibu. Kwa hasira akamfunga balozi mdogo wa Uingereza pamoja na wamishonari kadhaa. Jeshi la Uingereza la askari wapatao 13,000, chini ya Jenerali Robert Napier, likaenda kuwakomboa. Hata Johann Ludwig Krapf, yule mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alichukuliwa kuwa mkalimani wa msafara huo, ila afya ikamrudisha mapema. Tarehe 13 Aprili 1868, Jumatatu ya Pasaka ya Kanisa la Magharibi, ngome ya Maqdala ilianguka. Tewodros alijiua. Mataji, vitabu vya kanisa na vyombo vya madhabahu vilibebwa kama nyara. Mama wa mtoto akafa njiani mwezi uliofuata. Mtoto akapandishwa meli.

Alipofika Uingereza alikabidhiwa kwa Kapteni Tristram Speedy, aliyejua Kiamhari, na ndivyo alivyofika kisiwani Wight. Cameron alimpiga picha akiwa amevaa mavazi ya kwao na mapambo shingoni. Ufundi ni ule ule: mwanga wa upole, uso wenye uzito, macho yenye mawazo. Mtu akiitazama picha hiyo huona huzuni ya mtoto kwa wazi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba aliyeipiga hakumwonea huruma. Yeye mwenyewe alikuwa amelea watoto wa wengine.

Lakini tofauti iko wapi? Annie alisihiwa. Alemayehu aliletwa. Annie angeweza kusimama na kwenda nyumbani. Alemayehu hakuwa na nyumba ya kwenda. Picha ya Annie ilikabidhiwa kwa baba yake jioni ile ile. Picha ya Alemayehu haikuwa na baba wa kukabidhiwa. Cameron alikuwa na desturi ya kusajili haki za picha zake na kuziuza kupitia duka la Colnaghi jijini London. Mtoto aliyepokonywa kila kitu akawa sura ya kutazamwa na watu wasiomjua.

Alemayehu hakurudi kwao kamwe. Alisoma katika shule ya Rugby, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Akafa kwa ugonjwa mjini Leeds mwezi wa Novemba 1879, akiwa na miaka 18. Cameron naye alikuwa amefariki Ceylon mwezi wa Januari mwaka huo huo. Kijana huyo alizikwa Windsor, penye kanisa la Mtakatifu George, na kibao cha kumkumbuka kilichowekwa humo kimeandikwa lile neno la Bwana katika Mathayo 25 kuhusu mgeni aliyekaribishwa. Ni neno takatifu, lakini mahali pale linachoma. Je, aliyechukuliwa kwa nguvu za vita ni mgeni aliyekaribishwa? Mwaka 2007 Rais wa Ethiopia aliomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2023 Ikulu ya Buckingham ilikataa, ikieleza kwamba kuyatoa kungevuruga mabaki ya wengine waliozikwa mahali hapo. Mwaka huo huo kishungi cha nywele zake kilikabidhiwa kwa Waethiopia katika hafla ya heshima jijini London. Kwao, sura pekee yake haikutosha. Walimtaka mtoto wao.

6. Nyuso zisizo na majina

Iko hatua ya tatu. Mwaka 1875 Cameron na mumewe walihamia Ceylon. Huko aliendelea kupiga picha, ingawa zilizosalia hazifiki 30. Katika hizo wamo wafanyakazi na watu wa vijijini. Moja inayojulikana, ya mwaka 1878, huitwa kwa jina la Kundi la Wakulima wa Kalutara. Watu wale wamesimama kwa heshima na nyuso zao zina uzito ule ule aliouona kwa wakubwa wa Uingereza. Ila majina yao hayakuandikwa. Ni kundi tu.

Basi zipo ngazi tatu katika kazi ya mkono mmoja. Annie alikuwa na jina, akaombwa, akashukuriwa. Alemayehu alikuwa na jina, lakini hakuwa na uhuru. Wakulima wa Kalutara walibaki na sura, bila hata jina. Kioo hakikubadilika, wala jua halikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeketi mbele ya kamera, na dunia ya wakati ule ilimhesabu kuwa nani.

Si vema kumhukumu mama huyu kana kwamba vizazi vya leo ni safi. Martin Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na kazi za mikono yake huchukua alama zote mbili. Kwenye vioo vya Cameron alama za vidole zilionekana wazi. Alama za nyakati zake nazo zipo, kwa ajili ya mwenye macho. Picha ya Annie inabaki kuwa nzuri. Tena inabaki kuwa shahidi dhidi ya nyingine, kwa maana inathibitisha kwamba aliyeipiga alijua namna iliyo njema zaidi.

7. Wito kwa Usharika

Yote hayo yanarudi kwenye sanduku la usharika. Katika picha nyingi za misheni za miaka ile ya mwanzo, jina la mmishonari liko chini, limeandikwa kwa wino mzuri. Waliosimama naye huitwa wanafunzi, au wabatizwa wa kwanza, au wapagazi, au watu wa mlimani. Waliopiga picha hizo wengi walikuwa watumishi waaminifu wa Injili, na bila wao nyuso hizo zingekuwa zimepotea. Shukrani kwao ni haki. Lakini shukrani haizuii ukweli: mwanamke aliyetembea siku nzima akiwa na mtoto mgongoni ili abatizwe alikuwa na jina, na siku ile jina hilo lilitamkwa juu ya maji. Mungu amwambiaye Yakobo katika Isaya 43 kwamba amemwita kwa jina lake hana kundi lisilo na majina. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja.

Kwa hiyo wito wa Jubilei hii ni wa vitendo, nao una mambo matatu.

Kwanza, wazee waliobaki na waketi pamoja na vijana wa kipaimara, picha ziwekwe mezani, na kila jina linalokumbukwa liandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini isiyoharibu karatasi, tena liandikwe katika daftari la usharika. Kazi hiyo haiwezi kungoja Jubilei nyingine. Kila anapozikwa mzee, majina kadhaa huzikwa pamoja naye. Kitabu cha ubatizo kipo, nyuso zipo, kinachohitajika ni mtu wa kuviunganisha kabla mashahidi hawajaisha.

Pili, wanaopiga picha leo, na siku hizi karibu kila mwenye simu ni mpiga picha, na wajifunze kwa mama wa Freshwater lile lililo jema. Mgonjwa hospitalini, mjane anayepokea msaada, yatima wa kituo cha diakonia, hao ni watu wa kusihiwa kabla ya kupigwa picha, kama Annie alivyosihiwa. Na baada ya kupigwa, picha na iwafikie wao kwanza. Msaada unaotolewa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeinua kamera, bila anayesaidiwa kuulizwa, unamfanya ndugu kuwa nyara. Bwana alisema kwamba lililotendwa kwa mmoja wa hao walio wadogo limetendwa kwake yeye.

Tatu, pale ambapo jina haliwezi kupatikana tena, nafasi isijazwe kwa kubuni. Na iandikwe hivi: Jina lake linajulikana na Mungu. Hayo si maneno ya kukata tamaa. Ni ungamo la imani.

Mwisho

Mtoto Annie alitulia dakika chache katika banda la kuku, siku ya baridi ya Januari, kwa sababu mtu mzima alimwomba kwa heshima. Utulivu ule ndio uliobaki katika karatasi. Mwaka huu wa Jubilei, waanzilishi wa usharika nao wametulia mbele ya macho ya watoto wa watoto wao, wakiwa wamesimama mstarini mbele ya jengo la udongo. Hawawezi tena kusema. Walikwisha kutoa sehemu yao: walikaa, walingoja, waliacha sura zao. Deni lililobaki ni la walio hai, nalo ni la kuwatafuta na kuwaita.

Bwana ambaye ameandika majina ya watu wake katika kitabu cha uzima, na awape washarika wote macho ya kuona na kumbukumbu ya kushukuru. Amina.